Gari la Umeme la Mwalimu wa Kwaya

Kabla gari halijafika, Gideon Ngailo alikuwa akibebwa mgongoni na mke wake.

Watu wa Ifunda walilizoea jambo hilo upesi kuliko yeye mwenyewe. Veneranda alichuchumaa kando ya kitanda, Gideon akamshika mabega, naye akainuka kwa kujikaza, mkono mmoja ukutani, mwingine umemshikilia mumewe kwa nyuma asiteleze, kisha akamtoa uani kuota jua au akampeleka chooni. Kiti cha magurudumu kilikuwepo. Lakini nyumba yao iko mteremkoni, na njia ya kutoka pale mpaka barabara ya lami ni mawe matupu na mitaro iliyochimbwa na mvua. Kiti kile kilifaa sakafu ya hospitali. Kwa Ifunda kilikuwa pambo la chumbani.

Miguu aliipotezea Mafinga, kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Siku hiyo walikuwa wakishusha magogo ya misonobari kutoka kwenye lori, mnyororo ukakatika, mzigo wote ukaporomoka. Alipozinduka hospitalini alimkuta mkewe upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili Anania, dereva wa lile lori, rafiki yake wa siku nyingi, analia kama mtu aliyefiwa. Gideon aliuliza mbona miguu inawasha. Akafunua shuka mwenyewe.

Kupasua mbao kulikuwa kwa ajili ya tumbo tu. Kazi aliyoipenda ilikuwa kufundisha kwaya. Tangu ujana wake alizunguka kwa baiskeli kwenye sharika za Kilutheri za upande ule, leo Kalenga, kesho kutwa Mafinga, akiwafundisha watu sauti zote nne bila kinanda, kwa koo lake na fimbo ya kupigia mapigo. Nyimbo alizitunga mwenyewe, nyingine kwa Kihehe. Baada ya ajali wanakwaya walimfuata nyumbani, wakaimbia uani pake, wakaleta mahindi na kuku. Mwanzoni walikuja wengi, baadaye wachache, mwishowe salamu tu. Hakuwalaumu. Kutoka Kalenga mpaka Ifunda si mwendo wa kwenda na kurudi jioni moja baada ya shamba.

"Mungu hakupi kilema akakukosesha mwendo," wazee wa usharika walimwambia kila walipomtembelea. Gideon aliitikia kwa kichwa, akasubiri waondoke.

Mwaka wa pili, mgongo wa Veneranda ukaanza kumsumbua. Daktari wa Iringa alitazama picha, akasema pingili zimesogea, asibebe kitu chochote kizito. Njiani kurudi, Veneranda alikuwa akicheka peke yake.

"Daktari kakataza ndoo na kuni," alimwambia Gideon. "Mume hakumtaja."

Akaendelea kumbeba.

Gari lililetwa na wageni wa usharika rafiki wa ng'ambo. Walikuja ziara, wakaisikia kwaya ya Kalenga ikiimba wimbo mmoja wa Gideon, wakauliza mtunzi yuko wapi, wakapelekwa Ifunda. Mzee mmoja kati yao, mpiga kinanda, alikaa na Gideon mchana kutwa, hawaelewani lugha vizuri, wanaelewana kwa noti. Waliporudi kwao wakachanga. Baada ya mwaka na ushee likaja gari dogo la umeme, la rangi ya majivu, lililokwisha kutumika huko kwao. Pembeni mwa usukani walilifungia kidude kama mkono wa mafuta wa pikipiki: ukikizungusha gari linakwenda, ukikisukuma mbele linasimama. Halikumhitaji mtu mwenye miguu.

Watoto walilizunguka wakitafuta bomba la moshi. Mbwa wa Ifunda walichukua muda kulizoea, maana lilipita kimya na kuwakuta wamelala katikati ya njia. Gideon alilichaji nyumbani, kwenye soketi ile ile ya redio, kuanzia jioni mpaka asubuhi. Vijana walijaza mawe kwenye ile mitaro ili gari lipite, na kwa mara ya kwanza tangu ajali Gideon akafika barabara ya lami bila kugusa mgongo wa mtu.

Siku alipoingia Kalenga peke yake, kwaya ilikuwa imejipanga nje ya kanisa. Aliegesha ubavu ukiwaelekea, akafungua mlango, akageuka kwenye kiti, akatoa fimbo yake. Hakushuka. Hakukuwa na haja. Tangu hapo akawa akifundisha hivyo, amekaa mlangoni mwa gari, sauti ya kwanza kushoto, sauti ya nne nyuma kabisa. Mvua ikinyesha walihamia barazani, naye akalisogeza gari mpaka karibu na nguzo. Binti mmoja aitwaye Goodness, mwenye sauti ya kwanza safi kama chuma kilichogongwa, alikuwa akisema mwalimu ndiye mtu pekee duniani anayeongoza kwaya huku kafunga mkanda.

Mara moja alimpeleka Veneranda kliniki ya mgongo, Iringa. Mama wa watu alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kitenge kipya. Walipofika stendi akasema, "Leo umenibeba wewe." Gideon alitazama mbele kwa muda mrefu, akijifanya anatafuta pa kuegesha.

Kama maisha yangesimama hapo, pasingekuwa na la kusimulia.

Ugonjwa ulianzia kwenye skrini. Gari lile lilikuwa na kioo kikubwa katikati, na kila kitu kilipitia hapo: kuwasha, kuchaji, kupasha joto, hata kufungua madirisha. Kioo kikaanza kuwa kizito. Ukikigusa kinafikiri kwanza. Ramani ikapotea. Kisha ikaanza kutokea taarifa kwamba programu mpya ya gari ipo tayari, isakinishwe. Gideon aliifuta, ikarudi. Akaifuta, ikarudi. Akawaza labda ndiyo dawa ya ule uzito. Siku moja akiwa ofisi ya usharika wa Kalenga, penye intaneti, aliiruhusu, akaendelea kufundisha huku gari linajisasisha nyuma yake.

Lilipomaliza, lilimkaribisha kwa picha mpya na rangi mpya. Alizungusha kile kidude. Gari halikwenda. Kwenye kioo pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba kifaa kisichotambuliwa kimezuiwa, kwa ajili ya usalama wa dereva.

Siku hiyo Goodness aliazima dereva wa mchungaji, Gideon akarudishwa Ifunda kwenye gari lake mwenyewe akiwa abiria.

Alimwandikia yule mpiga kinanda. Akajibiwa na binti wa yule mzee: baba yake alikwisha fariki. Binti aliwasiliana na kampuni kwa niaba yake, na kampuni ikajibu kwa adabu nyingi. Kifaa kile hawakukitengeneza wao. Programu ya zamani haiwezi kurudishwa. Na kompyuta iliyomo ndani ya magari ya umri huo imezeeka, hili lilikuwa sasisho la mwisho kwao. Wanamshukuru kwa kuwa mteja wao.

Fundi wa kuchomelea mageti pale Ifunda ndiye aliyemwokoa. Alipima, akakata nondo mbili, akazifunga kwenye pedali za kwendea na kusimamia, akaweka vishikio juu. Lilikuwa jambo la kibabe, lilimchubua viganja, na kukata kona kwa mkono mmoja kulimtoa jasho. Lakini gari lilikwenda. Gideon alirudi Kalenga na viganja vyenye plasta, kwaya ikampokea kwa vigelegele.

Ila ule uzito haukuisha, uliongezeka. Programu mpya ilikuwa kubwa kuliko kichwa kilichopaswa kuibeba. Kioo kilizimika njiani, kikawaka tena. Siku nyingine gari lilikataa kuchaji mpaka lizimwe na kuwashwa mara kadhaa. Gideon alijifunza kungoja. Alijifunza kutogusa kitu wakati linafikiri.

"Lipumzishe hilo gari, Baba Tulizo," Veneranda alimwambia. Tulizo ni binti yao, kaolewa Dodoma.

"Likipumzika, na mimi nimepumzika," alijibu.

Ilikuwa Juni, majira ya baridi. Kwaya zilikuwa zinajiandaa kwa mashindano ya Iringa mwezi Agosti, na Gideon alikuwa anatoka Ifunda kwenda Mafinga kwa mazoezi ya jioni. Alipoingia msitu wa Sao Hill ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami, na manyunyu yale yasiyokwisha. Alikuwa anapanda mlima mdogo kioo kilipozimika. Akangoja kiwake. Hakikuwaka. Gari likaanza kupoteza nguvu, naye akafanikiwa kulivuta pembeni kabla halijasimama kabisa. Kisha taa zikazimika. Kisha feni. Kimya.

Alibonyeza kila kitufe anachokijua. Honi haikulia. Dirisha halikushuka. Simu haikuwa na mtandao mle msituni. Malori yalipita, moja, jingine, yakitikisa gari na kulimwagia maji. Vioo vilikuwa vimeshika mvuke wa pumzi yake, na nje hakuna aliyeweza kuona kwamba ndani mna mtu. Aliufuta mvuke kwa kiganja, akapiga kioo, akapaza sauti. Ile sauti iliyojaza makanisa haikuvuka kioo cha gari.

Baridi ya Mufindi si ya mchezo. Alihisi vidole vinakufa ganzi, na akahisi pia, muda kidogo baadaye, kwamba amejikojolea. Giza likaanza kuingia msituni, na akajua kwamba likiingia kabisa, lori linaweza kulifuata gari lisilo na taa na kulisaga pamoja naye.

Mlango ulikuwa na kikono cha dharura chini. Alikivuta, ukafunguka. Kiti cha magurudumu kilikuwa nyuma, mbali na mkono. Basi Gideon Ngailo, mwalimu wa kwaya, alijiangusha kwenye tope kwa bega, akageuka kifudifudi, akaanza kujiburuta kwa viwiko kuelekea ukingo wa lami, akipunga kofia.

Lori lililosimama lilikuwa limebeba mbao. Dereva alishuka mbio akidhani ni mtu aliyegongwa, akainama, akamulika kwa simu.

"Gideon?" alisema. "Mungu wangu. Gideon, ni wewe?"

Alikuwa Anania. Akavua koti lake, akamfunika, akamwinua mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Gideon aligeuza uso.

"Nimelowa," alisema. "Usinibebe karibu hivyo, ndugu yangu. Nimelowa."

"Wote tumelowa," Anania akasema. "Nyamaza."

Wiki iliyofuata Anania aliliweka gari juu ya lori, na Gideon kwenye kiti cha mbele, wakaenda Mbeya. Walikuwa wamesikia kwamba Mwanjelwa yuko kijana aitwaye Lutengano, anayefungua kompyuta za magari kama wengine wanavyofungua simu. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko, chumba chembamba chenye taa kali na hadubini. Alikuwa kijana mpole. Alimsalimia Gideon kwa kuinama, akamwita baba, akafanya kazi siku mbili bila kutoa ahadi yoyote.

Siku ya tatu aliketi kwenye kigoda mbele yake.

"Kompyuta ya gari hili, baba, muda wote inaandika. Umekwenda mwendo gani, betri ina joto gani, mlango umefungwa au la. Inaandika, inafuta, inaandika tena pale pale. Ni kama karatasi: ukiandika na kufuta, ukiandika na kufuta, mwisho inatoboka. Memori yake imetoboka. Na ile programu mpya iliongeza kuandika."

"Si uweke nyingine?"

"Nimeweka. Tatizo ni kwamba ndani ya ile ya zamani ndimo mlimokuwa na funguo. Za siri, si za chuma. Kompyuta mpya haiwezi kuamsha gari mpaka kampuni iitambulishe kwa njia ya mtandao. Nimewaandikia. Wamesema gari la umri huu hawalihudumii tena."

"Kuna lingine lililopata ajali Tunduma," Anania alidakia. "Tungechukua kompyuta ya lile."

"Nimeijaribu pia. Gari linaikataa. Linaona ni mgeni."

Gideon alilitazama gari lake, limeegeshwa kwenye vumbi la Mwanjelwa, wapita njia wanachungulia.

"Betri?"

"Nzima, baba."

"Mota?"

"Nzima. Tairi nzima, breki nzima. Kila kitu kizima. Halina kichwa tu."

"Mimi kichwa ninacho," Gideon alisema. "Lenyewe lina miguu."

Lutengano hakujua kama acheke. Alitazama chini, akafuta mikono yake ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wapo watu wanaonunua betri za namna ile kwa ajili ya sola. Taa za nyumbani, televisheni. Anania alianza kukataa, akisema watangoja, teknolojia inabadilika, labda mwakani. Gideon akamgusa mkono.

"Mwache alichukue lote," alisema.

Walirudi kwa njia ya Makambako. Lori lilikuwa jepesi, linarukaruka.

Veneranda alisikia mlio wa lori, akatoka, akatembea mpaka barabarani kwa mwendo wake wa kujipinda, mkono kiunoni. Alitazama nyuma ya lori, hakuona kitu. Anania alipofungua mlango wa upande wa Gideon, Veneranda alikuwa tayari ameshafika, amegeuka, amechuchumaa kwenye changarawe akimpa mumewe mgongo.

"Inuka, Mama Tulizo," Gideon alisema.

"Shika mabega."

"Inuka, nimesema."

"Sasa utakaa humo mpaka lini? Unadhani nimesahau kubeba?"

"Najua hujasahau. Ndiyo maana."

Alibaki amechuchumaa. Aliposhindwa kuendelea, alishindwa pia kuinuka, ikabidi Anania amsimamishe yeye kwanza, amwegemeze kwenye tairi, ndipo amchukue Gideon.

Tangu siku hiyo Gideon hakutoka nje ya uwanja wake. Anania akipita safari zake alimtoa uani, akamwacha kwenye jua, na jirani akamrudisha ndani. Akiwa hayupo mtu wa kumbeba, alijiburuta kwa viwiko, mlango umefungwa ili mtu asimwone. Wazee wa usharika walikuja na ule msemo wao wa kilema na mwendo. Safari hii hakuitikia kwa kichwa.

"Alinipa huo mwendo," aliwaambia. "Na ukachukuliwa tena nikiwa nautumia. Hilo nalo lina methali?"

Wazee walikunywa chai yao, wakaaga.

Goodness alikuja toka Kalenga kwa bodaboda. Alisema kwaya imekodi gari, itamfuata Gideon nyumbani asubuhi ya mashindano, vijana wanne wamekwisha jitolea kumshusha na kumpandisha. Alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Gideon alimsikiliza mpaka mwisho. Akawaona hao vijana wanne, akauona uwanja wa Iringa umejaa watu, akajiona ananing'inia katikati yao. Na akausikia tena ule ubaridi wa suruali iliyolowa kule Sao Hill, ambao haukumtoka hata baada ya kuoga mara nyingi.

"Nenda ukawaongoze wewe," alisema.

"Mimi, mwalimu? Mimi siwezi."

"Unaweza. Ubeti wa pili msikimbie." Akampa ile fimbo. Goodness aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka analia.

Siku ya mashindano Goodness alimpigia simu, akaiacha wazi mfukoni ili mwalimu asikie. Gideon alikuwa kitandani, simu kifuani. Alisikia watu wakikohoa, kiti kikiburutwa, kisha sauti ya Goodness ikitoa noti ya kuanzia. Ilikuwa sahihi. Wakaanza.

Ubeti wa pili walikimbia. Aliinua kiganja kuwazuia, kama alivyofanya siku zote, na kiganja kikabaki hewani. Kisha akasikia kwamba hawakukosea. Goodness alikuwa ameubadilisha kwa makusudi, ameupa ubeti mwendo wa ngoma, sauti ya nne ikipiga chini kama miguu ya watu wanaotembea pamoja, na wimbo ule, wimbo wake mwenyewe aliouimba miaka na miaka, ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuusikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Makofi yalipolipuka alikata simu.

Veneranda aliingia na bakuli la uji.

"Wameimbaje?"

"Vizuri."

"Kama ulivyowafundisha?"

"Kuzidi."

Gideon alimwomba afunge dirisha. Ilikuwa saa nane mchana, anga jeupe, jua limejaa chumba chote, na jirani alikuwa uani anauliza kama amtoe mzee nje. Veneranda alimwambia jirani kwamba leo hapana. Akalifunga dirisha, akaweka uji chini karibu na kitanda, mahali anapoweza kuufikia mwenyewe.